Uzi: Kumsaidia jirani bila kumvunjia heshima. Watu wa Goma, tuongee

MwanaKatindo (mtoa mada)

Bwana asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zetu Wakatoliki.

Nina jambo nataka tulijadili kwa utulivu. Tangu vita vifike mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na kazi zikakauka, kila mtaa una nyumba ambazo haziwashi moto kila siku. Na kabla ya hapo tulikuwa tayari na watu wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo waliojaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Kambi zile zilipovunjwa Februari mwaka uleule, wengine walirudi kwenye vijiji ambako nyumba zao hazipo tena, wengine wakaingia mitaani mwetu kimyakimya. Kwa hiyo hakuna Mkristo wa Goma anayeweza kusema hajui amsaidie nani.

Ninachotaka tuongee ni namna ya kusaidia. Kuna desturi imeenea na inaniumiza. Mtu anapeleka unga, chumvi na sabuni mahali, anawapanga wamama mbele ya bango, kila mmoja ameshika kifurushi chake, picha inapigwa. Jioni picha hiyo iko kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na jina la kanisa na jina la mtoaji. Yule mama wa pichani ana shemeji. Ana watoto wanaosoma darasa moja na watoto wa wale wanaoitazama ile picha. Labda mwaka juzi alikuwa na shamba na ng'ombe, na yeye ndiye aliyekuwa akigawa maziwa kwa majirani. Leo mji mzima umemwona akipokea kilo mbili za unga.

Paulo anasema upendo "hautafuti mambo yake". Bwana mwenyewe alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Naamini msaada ni upendo pale unaponigharimu mimi kitu halisi na kumwacha mwenzangu na heshima yake nzima. Nikitoa unga kutoka kwenye ziada yangu, halafu yeye akaulipia kwa aibu, basi kati yetu wawili yeye ndiye aliyetoa zaidi.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia kwenye bomba la mtaani kwetu, kipindi kile maji yalikuwa yanatoka saa chache tu. Foleni ya bido (madumu ya maji) za manjano ilikuwa ndefu kutoka bombani mpaka kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Akafika mama kijana, mtoto mchanga mgongoni, bido moja mkononi, akasimama mwisho kabisa. Watu wakaanza kuhurumia kwa midomo: "Mpisheni, mpisheni." Kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambaye alikuwa karibu kufika bombani, akachukua bido ya yule mama akaiweka mahali pake. Kisha akasukuma chukudu yake, na bido zake zote, akaenda kusimama pale mama alipokuwa amesimama. Hakusema neno.

Wengi wetu tungempisha mbele yetu tu, tukajiona tumetenda mema. Lakini ukimpisha mbele yako, wote walio nyuma yako ndio waliolipia wema wako, nao hawakuulizwa. Yule kijana alitaka kulipa mwenyewe. Na maji yalikatika kabla hajafika tena.

Karibuni. Semeni mliyoyaona, mliyotoa, na hasa mliyopokea.

Motari_Birere

Nafuatilia. Ila swali langu nitaliuliza baadaye.

Dada_Muuguzi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni muuguzi, hospitali nitaiacha bila jina.

Kwa wasiojua hospitali zetu: mara nyingi mgonjwa halishwi na hospitali. Anayempikia, anayemwogesha, anayefua mashuka yake na kukimbilia dawa mjini ni ndugu yake aliyelala naye chini kwenye mkeka. Mgonjwa asiye na ndugu ni mtu wa kuhurumiwa kuliko mwenye kidonda kikubwa.

Tulikuwa na mama mmoja, mtoto wake wa kiume amevunjika paja. Kitanda cha pili yake alilazwa kijana kutoka upande wa Masisi, ameletwa na watu wasiomjua wakamwacha. Siku ya kwanza yule mama alimpelekea sahani. Kijana akaikataa, akasema ameshiba. Mimi nilijua hajala kitu tangu alipofika. Alikuwa na umri wa kuoa, na wodi nzima ilikuwa inamtazama.

Siku iliyofuata mama hakumpelekea sahani. Alivuta kigoda katikati ya vitanda viwili, akaweka juu yake sinia moja, bugali (ugali) upande mmoja na sombe (majani ya muhogo) upande mwingine, akamwambia: "Baba, huyu mtoto wangu akila peke yake anaacha. Nisaidie, kula naye ashindane na wewe." Kijana akanawa. Wakala wote wawili, na mtoto kweli alishindana. Tangu siku ile sinia ikawa moja mpaka kijana aliporuhusiwa.

Mama yule hakuwa na pesa. Makala (makaa) ya kupikia nje alikuwa anakopa. Alichofanya ni kufikiria usiku kucha jinsi ya kumfanya yule kijana awe anatoa badala ya kupokea.

Niseme na hili kwa wenye uwezo. Wapo wagonjwa waliopona lakini wanabaki hospitalini kwa sababu ya deni. Ukitaka kumsaidia mtu wa hivyo, usimpe pesa mbele ya wodi na kumfanyia maombi ya sauti kubwa. Nenda kwenye dirisha la malipo, uliza deni lake, lipa, risiti iandikwe kwa jina lake, mwachie muuguzi ampe. Ataondoka kama mtu aliyelipa.

Mwalimu_Himbi

Dada, hapo kwenye sinia nimesimama kusoma. Mungu ambariki yule mama.

Shemasi_Keshero

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini naomba niseme upande wa pili maana mimi ndiye ninayeshika kazi ya huruma kanisani kwetu.

Michango mikubwa haitoki hapa. Inatoka kwa ndugu zetu walioko Ubelgiji, Kanada, Kinshasa. Na hao wamewahi kudanganywa: pesa zilitumwa kwa ajili ya wakimbizi, zikajenga nyumba ya mtu. Leo wanasema wazi, bila picha hakuna mchango wa pili. Sasa niambieni. Nikiwa na wamama hamsini wenye watoto, nikawalinda sura zao, mchango ukakatika, wakalala njaa, nitakuwa nimewapenda? Heshima hailiwi. Kuna wakati nimewauliza wenyewe na wakanijibu: "Baba shemasi, piga tu, mradi watoto wale."

Na bango nalo, msilichukie hivyo. Bila bango mtu wa siasa atakuja kesho aseme ule unga ni wake.

MwanaKatindo

Baba shemasi, asante kwa kusema wazi. Hoja ya uaminifu ni ya kweli na hatuwezi kuiruka. Lakini mama mwenye njaa akikujibu "piga tu", hajakubali, amekosa la kufanya.

Wakati wa mitume jambo hili lilitokea. Matendo sura ya 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema "tuamini tu". Walitaka watu saba wenye sifa njema wachaguliwe na kanisa lenyewe. Tazama majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kazi ya kugawa ilikabidhiwa upande uleule uliokuwa umeonewa.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Piga picha magunia yakipimwa dukani, piga picha risiti, piga picha chukudu ikishusha mizigo mlangoni mwa kanisa. Kisha kuwe na daftari ambalo kila familia inatia sahihi au kidole gumba, na wanaolishika wawe watatu, mmoja wao akiwa ni mama kutoka kwa wale wanaopokea, aliyechaguliwa na wenzake. Mtu wa Ubelgiji akitaka kuhakikisha, azungumze na huyo mama kwa simu. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kughushi kuliko picha. Picha ya wamama hamsini wenye vifurushi hata mwizi anaweza kuipiga, kisha vifurushi vikarudi kwenye gari.

Shemasi_Keshero

Hilo la mwisho ni kweli, nimeliona kwa macho. Nitalifikiria hilo daftari.

Mama_Mugunga

Wababa mmeongea vizuri kuhusu picha na magunia. Sasa mimi nataka kuuliza: huo upendo wa kila siku nyumbani anaubeba nani?

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka, na siku chache baadaye ikatoka amri kwamba mitaa mingi ya mji ihame, sisi tulikimbilia Sake. Wengine walikwenda Minova, wengine Bukavu kwa boti, wengine Gisenyi. Pale Sake familia ambayo hatukuwa na undugu nayo ilitupokea. Walitupa chumba chao, wao wakalala sebuleni. Nasema hivyo ili mjue deni langu kwa watu wa Sake.

Februari 2024 zamu yao ikafika. Sake ikakimbia yote, mabomu nyuma yao, na familia ile ikatutafuta. Mume wangu ni mkarimu, hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Aliwaona tu mlangoni akasema, "Karibuni, hapa ni kwenu." Alilia hata. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili, tukawa kundi la watu.

Lakini neno "karibuni" alilisema yeye, na kazi ya "karibuni" ilikuwa yetu, mimi na binti zangu. Maji kutoka ziwani, tena kupanda kilima na bido mgongoni. Makala bei ilikuwa imepanda kwa sababu njia zimefungwa. Binti yangu mkubwa alianza kuchelewa shule kila siku. Mimi nilikuwa nalala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Jumapili kanisani tukasifiwa, mchungaji akamsimamisha mume wangu, akampongeza kwa kupokea wageni. Mimi nilikuwa nyumbani napika.

Ikaendelea hivyo mpaka asubuhi moja yule mzee wa Sake, mgeni wetu, mtu wa mvi, akachukua bido mbili na kushuka ziwani kabla hatujaamka. Aliporudi jasho linamtiririka, mume wangu aliona aibu sana. Kesho yake wakashuka wote wawili. Mnajua mtaani walisemaje. Kwamba nimemlisha kitu. Vijana wakamcheka njiani, rafiki yake mmoja akamwambia anatuharibia wake zetu. Aliendelea. Akaongeza na kuosha vyungu jioni, nje, watu wakimwona. Binti akarudi kufika shule kwa wakati.

Hapo ndipo nilipoona ukarimu wake wote. Yesu usiku ule wa Yohana 13 alifunga kitambaa kiunoni akafanya kazi ya mtumwa kwa mikono yake. Hakumwagiza mtu mwingine awaoshe wanafunzi miguu kwa niaba yake.

Mwalimu_Himbi

Mama, hili wachungaji wetu walisome. Tunahubiri sana Abrahamu aliyewapokea wageni watatu pale Mamre, lakini kwenye Mwanzo 18 Abrahamu anakimbia hemani kumwambia Sara aandae unga upesi, na mtumishi ndiye anayepika ndama. Abrahamu naye alikimbia, tumpe haki yake, na alisimama akiwahudumia wakati wanakula. Lakini aliyekanda vipimo vitatu vya unga kwenye joto la mchana ni Sara.

Dada_Muuguzi

Mama Mugunga umesema yangu yote. Nakukumbatia.

Mama_wa_Kibumba

Natumia simu ya jirani, mtanisamehe nikikatika.

Mimi ni mmoja wa wale mnaowaita deplase, yaani waliokimbia makwao kwa vita. Mtoa mada ametaka waliopokea waseme, basi naongea.

Jambo la kwanza ni hilo jina. Kwetu nilikuwa mama wa mzaliwa wangu wa kwanza, watu waliniita kwa jina la mtoto wangu. Hapa nikawa deplase. Wakija kugawa wanaita kwa megafoni, "Deplase wote upande huu." Watoto wangu wanalisikia, kesho shuleni wenzao wanawaita hivyohivyo. Ukitaka kunisaidia, anza kwa kuuliza ninaitwa nani. Haikugharimu faranga.

La pili. Kwa muda nilipokea chakula kutoka kwa watu wengi na Mungu awabariki wote, bila wao watoto wangu wasingekuwepo. Lakini aliyeniinua ni mama mmoja wa hapa Majengo, muuza mboga. Hakuja na kifurushi. Alikuja akaniuliza, "Nimesikia watu wa Kibumba wanajua kabichi. Mimi nanunua kwa macho tu, kila mara nusu inaniozea. Twende sokoni unichagulie." Nikaenda naye. Nikamwonyesha kabichi iliyovunwa na mvua, nikamwonyesha jinsi ya kubonyeza kichwa na kusikia kama ndani kumejaa. Miezi ilikuwa imepita mtu hajaniuliza kitu ninachokijua. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sijui kitu.

Baadaye akanipa gunia moja kwa mkopo, nikae pembeni ya meza yake niuze. Akasema utanirudishia ukiweza. Nikaweza. Nilipompelekea pesa yake, watu waliokuwa pale wakamwambia, "Muachie, ni deplase huyo." Yeye akazipokea. Akazihesabu mbele yangu, akaziweka kwenye mfuko wa kitenge, akasema, "Sasa chukua gunia la pili." Sijui kama mtanielewa, lakini kupokea kwake zile pesa kuliniheshimu kuliko kama angenisamehe.

MwanaKatindo

Mama, nakuelewa kabisa, na sitaongeza kitu juu ya ulivyosema. Asante kwa kuandika. Kama hutajali, tuambie mzaliwa wako anaitwa nani kwa ujumbe wa pembeni, ili tukuite ipasavyo.

Wakili_Himbi

Niongeze upande ambao haujaguswa. Tunaongea upendo kwa mtu tunayemwona. Kuna upendo kwa mtu ambaye hutamwona maisha yako yote, na mji wetu una shahidi wa upendo huo.

Floribert Bwana Chui alizaliwa hapahapa Goma, 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akawa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na muda wake mwingi aliutumia kwa maibobo, watoto wa mitaani ambao wengi wetu tunawafukuza madukani. Aliwatafutia shule, alikaa nao. Akapata kazi OCC, ofisi ya kukagua bidhaa, hapa mpakani. Ukaja mzigo wa mchele ulioharibika. Akapewa rushwa aupitishe, akakataa, akaendelea kukataa. Julai 2007 alitekwa akauawa. Alikuwa na miaka 26. Papa Francis aliwatajia vijana habari zake Kinshasa mwanzoni mwa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri Roma, kwenye Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Sasa fikirini. Wale ambao wangeununua ule mchele kopo kwa kopo Birere na Virunga hakuwajua hata mmoja. Hawakumwomba kitu. Hawakumshukuru, maana hawakujua wameponea wapi. Ndiyo maana nasema hata kazi ya ofisini, ya dukani, ya mpakani, ni mahali pa kupenda. Muuza maharagi ambaye kopo lake halijapondwa kitako anampenda jirani kila anapopima. Muuguzi asiyeomba pesa ya chini ya meza anapenda. Hakuna mtu atakayeweka jambo hilo kwenye grupu.

Shemasi_Keshero

Mwenyeheri Floribert atuombee. Mimi ni Mprotestanti, lakini kwa huyu nasimama.

Kadutu_Bukavu

Salamu kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa. Nimesoma wote, lakini kuna jirani mmoja ambaye hajatajwa hapa na sote tunajua ni nani. Ni yule wa kabila ambalo mtaa unalishuku. Yule ambaye lafudhi yake ikisikika kwenye basi watu wananyamaza.

Kumpelekea sombe mama wa kabila langu aliyefiwa, sawa, ni vizuri, ila hata asiyeamini anafanya. "Maana mkiwapenda wanaowapenda ninyi, mwapata thawabu gani?" Mathayo 5. Msamaria wa Luka 10 tumemzoea kama mtu mwema wa hadithi ya watoto, tumesahau kwamba wale waliokuwa wanamsikiliza Yesu hawakutaka hata kunywa kikombe kimoja na Wasamaria.

Sisi Bukavu tulikuwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti. Miaka ile ya wakimbizi kutoka Rwanda, aliwatetea wakimbizi waliochukiwa, na aliwatetea watu wa mji wake, kwa sauti ileile. Vita vilipokaribia wengi walikimbia, yeye akabaki na watu. Aliuawa 29 Oktoba 1996, mjini. Kaburi lake liko kwetu, lakini sijui kama tumeendelea na kazi yake.

Kwa vitendo, kwa mtu wa kawaida asiye askofu, kazi hiyo ni nini? Kwangu ni hii: watu wakianza kumsema mtu kwa kabila lake mbele yangu, sokoni au kwenye kikao cha shirika, siachi maneno yapite. Nasema, "Huyo namjua, ni jirani yangu, watoto wetu wanacheza pamoja." Sentensi fupi. Inaweza kukugharimu marafiki. Kwa siku kama hizi inaweza kukugharimu zaidi, na ndiyo sababu natetemeka ninaposema, lakini nasema.

MwanaKatindo

Kadutu, nimesita kabla ya kukujibu, maana hapa Goma jambo hili lina damu mbichi. Kuna waliofiwa wanaosoma uzi huu. Sitamwambia mjane apende aliyemuua mumewe kwa sababu mimi nimeandika hivyo kwenye simu. Lakini jirani wa mlango wa pili ambaye kosa lake ni jina lake tu, huyo hatuna ruhusa ya kumtupa. Ulichosema kuhusu kutonyamaza, nakichukua kilivyo.

Motari_Birere

Sasa swali langu. Mimi naishi kwa siku. Asubuhi namlipa mwenye pikipiki pesa yake, mafuta yangu, kinachobaki ndicho watoto wanakula. Nikisoma hapa naona gunia la mkopo, deni la hospitali, mchele wa mpakani. Upendo huu ni wa wenye nacho?

Tena niliwahi kumsaidia mtu akaniibia simu. Biblia inasemaje hapo?

Mwalimu_Himbi

Kijana wangu, nakujibu kama mzee. Yule mjane wa Luka 21 alitia senti mbili na Yesu ndiye aliyemwona. Lakini usigeuze habari yake kuwa amri ya kuwalaza watoto wako njaa. Watoto wako ni jirani zako wa kwanza, Mungu amekupa hao kabla ya wengine.

Wewe una kitu ambacho tajiri wa Himbi hana. Usiku wa manane mama akishikwa na uchungu, gari la tajiri haliwezi kupita kwenye vichochoro vya mawe vya Majengo. Pikipiki yako inapita. Namjua motari ambaye namba yake ameiandika kwa chaki milangoni mwa wamama wajawazito wa kichochoro chao. Wakimpigia anakwenda, anayeweza kulipa analipa, asiyeweza analipa akipata. Hajawahi kumdai mtu mbele ya watu.

Kuhusu simu: pole sana. Unaweza kumsamehe aliyekuibia na kesho bado ukafunga mlango wako vizuri. Kumpenda mtu hakukulazimishi kumpa nafasi ya kuiba mara ya pili. Ila usimfanye anayefuata alipe deni la huyo wa kwanza.

Motari_Birere

Nimeelewa, mzee. Chaki ninayo.

Mama_Mugunga

Na mimi niombe jambo moja kuhusu misiba. Tukifiwa, siku za kilio nyumba inajaa, majani ya chai, sukari, kwaya, viti vya kukodi. Baada ya maziko viti vinarudi na watu wanarudi navyo. Mjane anabaki na mwenye nyumba anayedai kodi na shemeji wanaotazama vyombo. Kama mna nguvu ya kutoa mara moja tu, msiitoe siku ya kilio. Ngojeni mwezi wa pili. Nendeni mkakae naye, msimhubirie.

Dada_Muuguzi

Kweli kabisa. Mwezi wa pili ndio tunaowapokea hospitalini, presha imepanda, hawajalala.

Shemasi_Keshero

Wapendwa, nimezungumza na kamati yetu jioni hii. Hawakukubali yote. Bango limebaki, litawekwa mlangoni mwa kanisa na si mbele ya watu. Picha za sura zimesimamishwa mpaka tuwaandikie wenzetu wa Ubelgiji na kuwaeleza. Daftari limekubaliwa, na wamama watachagua mmoja wao Jumapili baada ya ibada. Ndugu MwanaKatindo, nisaidie kuandika hiyo barua, wewe una maneno.

Na Dada Muuguzi, vijana wa kwaya wameguswa na ile habari ya sinia, wanataka kuja wodini. Walete nini?

Dada_Muuguzi

Waje, baba, lakini wasije kwa wingi, wawili au watatu wanatosha, na waje mchana baada ya madaktari kupita. Wasimpe chakula aliyefanyiwa upasuaji kabla ya kumuuliza muuguzi wa zamu, kuna ambao hawaruhusiwi hata maji. Walete sabuni ya kufulia, ndoo yenye mfuniko, vitenge visafi, na makala kwa wanaopika nje, makala ndiyo yanayokosekana zaidi. Wakifika waniulize ni nani hana mtu. Waimbe kama wagonjwa wenyewe wameomba, vinginevyo wafue. Na simu waziache mfukoni.